MBIO ZA FAMILIA: BABA, MAMA NA WATOTO UWANJANI

  



Kila mwaka, hasa shule zinapofungwa mwezi wa Juni, huja mtoto madrasa akasema: "Ustadhi, Jumamosi mtaani kuna mbio za kilomita 5, watu wote wanakaribishwa, lakini baba amekataa." Ukikutana na baba mwenyewe, jibu lake huwa moja kati ya matatu. Atasema mbio ni upuuzi wa kupoteza wakati. Au atasema mbio ni za vijana wa kiume, si za binti wala mama wa watu. Au atasema mbio hizi zina mambo yake ndani: muziki, fulana za matangazo, fedha za kiingilio. Majibu haya hayana uzito sawa. La kwanza ni jepesi. La pili lina sehemu ya kweli na sehemu ya mazoea tu. La tatu ndilo linalotaka kuulizwa vizuri, nalo nitakaa nalo muda mrefu kidogo.

MCHEZO HUU NI WETU

Wazazi mliosoma shule za msingi za Tanzania mnakijua mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya kufagia uwanja, mstari mrefu wa watoto unaimba na kukimbia kuzunguka kijiji. Hakuna aliyekuwa anashinda wala kushindwa. Mbio za familia ni ndugu wa mchakamchaka, tofauti yake ni kwamba safari hii baba na mama nao wamo kwenye mstari.

Tena nchi yetu ina jina katika mchezo huu. Mwaka 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Alitoka mbele tangu mwanzo na hakungoja mtu. Mwaka 1980 kule Moscow yeye na Suleiman Nyambui walirudi kila mmoja na medali ya fedha ya Olimpiki. Mwaka 1989 Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York. Na mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia kilomita 42 na mita 195, kisha akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa. Saa ilionyesha wote wawili saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenga ni sehemu 3 za mia moja ya sekunde. Kufumba jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Lakini mkimbiaji ninayependa watoto wamjue kuliko wote hakushinda kitu. John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa nzima, jua limetua na watu wengi wameondoka uwanjani, ndipo Akhwari akaingia anachechemea na goti limefungwa bandeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aende kuanza tu, ilimtuma amalize. Mtoto anayeshika nafasi ya mwisho katika mbio za mtaa wetu ana mwenzake mkubwa sana.

Siku hizi mbio kubwa nyingi nchini huwa na kipande cha familia. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, ina marathoni kamili, nusu marathoni na kilomita 5 za kujifurahisha. Katika zile kilomita 5 utaona babu, mjukuu na mama anayesukuma mtoto, na wengi wao wanatembea. Serikali nayo ilitia mkono: mwishoni mwa mwaka 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa sababu ya kuongezeka kwa kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine yasiyoambukiza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za kujishughulisha kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Mtoto wa Litembo anayepanda mlima na ndoo kichwani anazipata bila kuambiwa. Wa Mbinga mjini, anayepelekwa shule kwa bodaboda na jioni akakaa mbele ya televisheni, hazipati. Baba yake mwenye duka, anayekaa kwenye kiti kuanzia saa 2 asubuhi hadi Magharibi, hazipati kabisa.

MTUME (S.A.W.) ALISHINDANA KWA MIGUU

Kwa wanaosema mbio ni upuuzi, tuanzie nyumbani kwa Mtume. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba walikuwa safarini, wakashindana mbio yeye na Mtume, na Bibi Aisha akashinda. Zikapita siku, mwili wake ukanenepa, wakashindana tena katika safari nyingine, mara hii Mtume akamshinda, akacheka na kumwambia kwamba hiyo ndiyo malipo ya ile ya kwanza. Katika baadhi ya mapokezi imeelezwa kwamba kabla ya kushindana aliwaambia masahaba watangulie mbele.

Angalia mambo matatu hapa. Kiongozi wa umma alikimbia na mkewe kwa kucheza, wala heshima yake haikupungua. Hakusahau kwamba alishindwa, na akalipa kwa mzaha, si kwa hasira. Na alichagua mahali ambapo mkewe hatazamwi na watu. Anayetumia kisa hiki kuruhusu kila kitu amesoma nusu yake, na anayezuia kila kitu amesoma ile nusu nyingine.

Yapo na mengine. Salama bin Al-Akwa'i (r.a.), aliyekuwa na miguu myepesi sana, alishindana na mtu wa Ansari hadi Madina baada ya kumwomba Mtume ruhusa, na akashinda; kisa kimo katika Sahihi Muslim. Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshiriki mashindano ya farasi aliyoyapanga Mtume. Farasi waliofanyishwa mazoezi walipewa safari ndefu, ya maili 5 au 6, na wale ambao hawakufanyishwa wakapewa fupi, ya maili 1 hivi, hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Mimi huwa nalitazama sana jambo hili la masafa mawili. Aliye tayari na asiye tayari hawakuwekwa mstari mmoja. Tutarudi hapo tukifika kwa watoto.

Na siku ngamia wake maarufu, Al-Adhbaa, aliposhindwa na ngamia wa bedui, masahaba waliona uchungu. Mtume aliwafahamisha kwamba ni kawaida ya Mwenyezi Mungu kuteremsha kila kinachopanda juu. Basi hata kushindwa kuna adabu yake.

FEDHA, ZAWADI NA FULANA

Sasa jibu la tatu la baba. Kukimbia bila dau lolote kunajuzu, na wanazuoni hawakuhitilafiana katika hilo. Hitilafu inaingia pale penye mali.

Lililo wazi ni hili: watu kumi wakitoa shilingi elfu mbili kila mmoja, fedha zikawekwa pamoja na wa kwanza akazichukua zote, hiyo ni kamari hata kama wamekimbia kwa jasho. Kila mmoja ameingia akiwa ama atapata cha mwenzake ama atapoteza chake. Msidanganywe na jina la "mchango".

Lisilo wazi sana ni zawadi inayotolewa na mtu wa pembeni asiyekimbia, kama vile mfanyabiashara au halmashauri. Hadithi imetaja dau katika ngamia, farasi na mishale. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba mbio za miguu haziingii katika dau. Mahanafi wameruhusu zawadi katika mbio za miguu ikiwa inatoka upande mmoja au kwa mtu wa nje. Na wako wanazuoni wa zama zetu wanaoona zawadi ya mtu wa nje ni hiba tu, si dau. Mimi si mufti, wala makala si fatwa. Mzazi mwenye mashaka amuulize sheikh wake. Ninachoweza kueleza ni njia ya kutoka salama: kila anayemaliza apewe kitu kilekile. Daftari na kalamu, kipande cha sabuni, au mche wa parachichi wa kupanda nyumbani. Mtoto wa miaka 7 hajali kwamba mwenzake naye amepata.

Kuhusu kiingilio, uliza fedha zinakwenda wapi. Zikinunua maji, namba za kifuani na dawa za huduma ya kwanza, umelipia huduma, kama unavyolipa nauli. Zikienda kwenye mfuko wa mshindi, rudi kwenye aya ya kamari hapo juu.

Na fulana? Zipo mbio hapa nchini zinazodhaminiwa na viwanda vya bia, na mkimbiaji hupewa fulana yenye tangazo. Muislamu hawezi kuwa bango la pombe linalotembea, sembuse kumvalisha mwanawe. Si lazima jambo hili liwe ugomvi. Andikisha familia yako, chukua namba, vaeni fulana zenu wenyewe. Waandaaji wengi wanachoangalia ni namba. Na wakisema fulana yao ni lazima, hapo ndipo unapowashukuru na kurudi nyumbani, na Jumamosi inayofuata mnakimbia wenyewe njia ya shambani.

MABINTI NA MAMA ZAO

Hapa ndipo ninapoumia. Msichana wa darasa la nne anakimbia kuliko kaka zake wote. Akifika darasa la saba, ameketi pembeni anashika viatu vya wenzake. Hakuna aliyemkataza kwa neno la wazi, ila hakuna aliyemtafutia nguo inayofaa, wala wakati unaofaa, wala mtu mzima wa kukimbia naye. Kisha tunasema wasichana hawapendi michezo.

Nguo si tatizo kubwa kama tunavyolifanya. Suruali pana ya kitambaa chepesi, juu yake gauni la mikono mirefu linalofika chini ya magoti, na mtandio wa pamba ulioshonwa ukabana kichwani ili usipeperuke. Fundi wa mtaani anavishona vyote kwa siku moja. Msinunue kitambaa cha nailoni, kinashika joto na kinang'ang'ania mwilini kikilowa. Zanzibar wapo akina mama wengi katika vikundi vya mazoezi wanaokimbia wamejistiri, wala hakuna anayewashangaa. Na mshindi wa marathoni ya wanawake katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi, alipanda jukwaani kupokea dhahabu yake akiwa amevaa hijabu. Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mabinti wetu wana wa kuwatazama.

Kuhusu mchanganyiko, waandaaji wakiombwa mapema hukubali wanawake na watoto waanze kwanza, au wawe na mstari wao. Sisi Waislamu wa Mbinga ni wachache, majirani zetu wengi ni Wakristo, na uzoefu ni kwamba ukiomba kwa adabu unasikilizwa. Tatizo ni kwamba hatuombi. Tunakaa nyumbani, halafu tunalalamika kwamba hatukufikiriwa. Hata akina mama wa Kikristo, wengi wangefurahia mstari wao.

MILIMA YETU NA ZIWA LETU

Mbinga iko juu zaidi ya mita 1300 kutoka usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475. Kwa hiyo anayetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 60 za barabara, anashuka zaidi ya mita 800. Kwa kawaida joto huongezeka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1000 unazoshuka, ndiyo maana sweta unayoihitaji Mbinga inakuwa mzigo ukifika pwani ya ziwa. Familia ya mlimani inayokwenda kukimbia Mbamba Bay, Liuli au Lituhi isidhani itakimbia kwa mwendo wake wa kawaida. Hewa ya huko ni nzito kidogo na inasaidia pumzi, lakini joto linakula faida hiyo. Kunyweni maji kabla ya kiu. Mtoto akiacha kutoka jasho, akalalamika kichwa au akaanza kuyumba, mbio zake zimekwisha hapohapo: kivulini, maji mwilini, kitambaa kibichi shingoni.

Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa watoto, ukianguka huumii. Ila unachosha miguu haraka, basi kimbilieni ule uliolowa karibu na maji. Baada ya mbio kila mtoto atataka kujitupa ziwani. Msiwaache waingie penye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, kwani hapo ndipo kichocho kinapokaa, na karibu na midomo ya mito kama Ruhuhu kuna mamba. Wenyeji wanajua pa kuoga, waulizeni.

Huku juu hatari ni barabara. Lami imeleta magari ya mwendo kasi, na njia ya Kitai kwenda Lituhi inapitiwa na malori ya makaa ya mawe. Mbio za familia hazina kazi kwenye lami isipokuwa imefungwa na askari wa usalama barabarani wapo. Njia za mashambani, kati ya kahawa na ngoro, zinatosha. Mteremko mkali watoto watembee. Watu wengi huumia magoti wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Jua pia lina ratiba yake kwetu. Mwezi wa Juni huku huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, Desemba karibu na saa 12 na robo. Mbio zinazoanza saa 12 asubuhi mwezi wa Juni zinaanza gizani, na zinaweza kumkuta mtu hajaswali. Familia iswali Alfajiri kwa jamaa, ndipo itoke. Saa 1 na nusu inafaa sana: kuna mwanga, na jua bado halijakali.

KUANDAA ZENU WENYEWE

Si lazima kungoja tangazo. Siku ya pili ya Idi familia nne au tano zinaweza kuandaa mbio zao kwenye uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Kwanza pimeni. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mzunguko wa mita 346. Mizunguko mitatu inazidi kilomita 1 kidogo tu. Viwanja vyetu vingi ni vidogo kuliko huo, kwa hiyo pimeni kwa kamba ya mita 50. Kwa njia ya shambani tumieni baiskeli. Fungeni kitambaa chekundu kwenye spoku moja, sukumeni baiskeli tairi lizunguke mara moja kamili, pimeni alama mbili chini. Baiskeli kubwa ya namba 28 huenda kama mita 2.2 kwa mzunguko, hivyo kilomita 1 ni mizunguko 455 hivi. Watoto wa darasa la tano wakipewa kazi ya kuhesabu wataifanya kwa uaminifu kuliko mtu mzima, na hesabu za shule zitaingia bila fimbo.

Kisha kumbukeni yale masafa mawili ya farasi. Watoto chini ya miaka 8, mita 400 hadi kilomita 1 zinatosha. Kilomita 5 ni za wakubwa na vijana waliozoea, na anayetaka kutembea atembee. Mama aliyejifungua karibuni, mwenye mimba, na mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari waulize kituo cha afya kwanza. Kutembea kilomita 2 pamoja na familia nako ni kushiriki.

Mkitaka kila mtu afurahie, wekeni mwanya. Kama mtoto anamaliza kilomita 1 kwa dakika 7 na baba kwa dakika 5, mtoto aondoke dakika 2 mapema. Baba atalazimika kukimbia kweli, na watafika pamoja huku mji mzima unapiga kelele. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni mbio za kukisia. Kila familia inaandika kwenye karatasi itatumia dakika ngapi, saa zote za mkononi zinakusanywa, na familia iliyokaribia makisio yake ndiyo inayotajwa kwanza. Hakuna aliyeweka fedha, kwa hiyo si kamari. Bibi mwenye mkongojo anaweza kuwashinda wanajeshi.

Zipo pia mbio za kupokezana kijiti: mtoto mdogo, kaka, dada, mama, baba, kila mmoja kipande chake. Wapangeni mdogo awe wa mwisho. Baba akiwa wa mwisho, kila mtu atamtazama yeye.

Maji yachemshwe jana yake na yapozwe kwenye ndoo safi yenye mfuniko, ziwe ndoo mbili: moja mwanzoni na moja katikati ya njia, na vikombe vya kutosha. Mtu mmoja asiyekimbia akae na bandeji, sabuni na baiskeli au pikipiki ya kumbeba aliyeumia. Mwingine akimbie wa mwisho kabisa, nyuma ya wote, ili asibaki mtoto shambani. Muda wa kila mmoja uandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe na masafa, na daftari likae kwa mzee mmoja hadi Idi ijayo.

Baada ya hapo ni chai, mihogo ya kuchemsha na dagaa wa Nyasa waliokaangwa. Watoto waoshe miguu kabla ya kukaa mkekani.